Kiti cha Maman Gentil Kilikaa Nje

Katika ua wa Hadji Almasi, pale Muhumba mjini Bukavu, kila Léopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, walipocheza kuliwekwa kiti kimoja nje kwa makusudi. Kilikuwa kiti cha mbao, mgongo wake umeelekezwa dirishani, na mwenye kukikalia alikuwa Maman Gentil, mshonaji, ambaye jina lake la ubatizo ni Euphrasie ingawa hata padri wake alikuwa ameanza kulisahau. Ndani kulikuwa na televisheni, mikeka, karanga, na watu ishirini wanaobanana. Nje alikuwa yeye na cherehani yake. Mgeni angedhani majirani wana roho mbaya. Wapi! Walimpenda, walimpelekea chai, na kila bao lilipoingia mmoja wao alitoka hadi mlangoni kumsimulia. Walimweka nje kwa sababu moja tu: walikuwa wamekubaliana kwamba yeye akitazama, tunafungwa.

Jambo hili lina mwanzo wake. Mwaka 2015, mwisho wa Januari, ilikuwa robo fainali ya Kombe la Afrika, sisi na majirani zetu wa Brazzaville. Wakati huo Maman Gentil alikuwa anakaa mbele kabisa na kupiga kelele kuwashinda wanaume. Kipindi cha pili Brazzaville wakafunga, kisha wakaongeza la pili. Mvua ikaanza kudondoka. Akakumbuka nguo za wateja zilizokuwa kwenye kamba, akatoka mbio kuzianua. Hajamaliza kamba ya kwanza akasikia ndani watu wanaruka: tumerudisha moja. Akiwa bado anakung'uta maji, likaingia la pili. Akakimbilia mlangoni na rundo la nguo mikononi, na Hadji, bila hata kugeuza shingo, akamnyooshea kiganja.

“Maman Gentil,” akamwambia, “bakia kule kule.”

Akabaki chini ya bati, nguo zikimlowesha kifua, mpaka tukafikisha manne. Siku chache baadaye, kwenye nusu fainali, alijitetea akasema ile ilikuwa bahati tu, akaruhusiwa kuingia. Tukafungwa tatu kwa moja. Basi kesi ikafungwa pale pale.

Hadji Almasi, ili tuelewane, si mtu wa ushirikina. Ni mwuza vitenge, mtu wa swala tano, familia yake ilipanda kutoka Uvira na babu zake walitoka pwani, naye hupenda kuwakosoa wenzake Kiswahili chao, mpaka penalti ipigwe. Hapo pwani yote humtoka na kubaki Bukavu tupu. Ukimletea habari za hirizi dukani kwake atakufukuza. Lakini mpira ni mpira. Mwaka mmoja baada ya ile nusu fainali, tulipochukua kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani kule Kigali kwa mabao matatu, Maman Gentil alikuwa nje. Mwaka 2024, tulipowatoa Misri kwa penalti, alikuwa nje, amejifunika kitenge kichwani. Na tulipofungwa na Côte d'Ivoire kwenye nusu fainali ya mwaka huo huo, Nyota, mke wa Hadji, aliapa kwamba Maman Gentil alikuwa ameingia kuomba kiberiti dakika ile ile ya bao. Yeye mwenyewe hakubisha. Alikwenda kanisani Jumapili na, watu husema kwa kicheko, aliungama.

Kicheko kilikuwepo, ndiyo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, yeye alikuwa anaamini kuliko wote. Mumewe, Lucien, alifariki mwana wao Gentil akiwa na miaka minne, na tangu hapo alikuwa mwanamke wa kujihadhari. Hakupenda kusema neno zuri kwa sauti, isije likasikika mahali pabaya. Kukaa kwenye kile kiti kulimpa kazi ya kufanya. Wengine walitazama tu. Yeye, kwa kugeuza mgongo, alikuwa anashikilia timu isianguke.

Kazi yake ya mkono ilikuwa namba. Vijana wa mitaa yote walimletea jezi tupu za mitumba naye akazishonea namba mgongoni. Alichora kwa chaki kwenye kitambaa kizito, akakata, akabana kwa pini, kisha akazungusha cherehani pembeni mara mbili. Moja na saba hazimpi mtu taabu. Nane ndiyo inayojua kumtesa fundi, maana ina kona mbili za ndani, na ukivuta kidogo tu inakaa upande. Gentil, kwa ukaidi wake, alichagua nane. Mama yake alimshonea nane moja, akiwa na miaka kumi, kwa kitambaa cheupe cha pazia, na kila jezi ilipombana aliifumua ile nane taratibu kwa wembe akaihamishia kwenye jezi mpya. Nane ilikuwa ile ile moja, mpaka mtoto akawa mwanaume.

Lakini mama hakuwahi kumwona akicheza. Alijaribu mara moja, kwenye fainali ya shule. Alijificha nyuma ya ukuta wa uwanja, akachungulia, na Gentil akapiga penalti juu ya mwamba. Hakurudi tena. Alikuwa anamfulia jezi, anampikia, anamngoja getini amsimulie, na Gentil alisimulia huku anacheka, kwa sababu yeye hakuamini hata chembe. Alikuwa akimwambia mama yake kwamba kule uwanjani kuna watu ishirini na wawili wanakimbia, na hakuna hata mmoja anayejua nani amekaa wapi Muhumba. Mama alijibu kwamba hayo ni maneno ya mtoto.

Gentil alipofikisha miaka ishirini na mbili alichukuliwa Lubumbashi, na timu inayoitwa Étoile Mukuba. Miaka miwili alikaa kwenye benchi zaidi ya uwanjani. Halafu, mwezi wa tisa wa mwaka 2025, timu yake ikaingia kwenye mashindano ya vilabu vya Afrika, raundi ya mwanzo kabisa, dhidi ya timu moja ya Malawi, na mechi ile ikatangazwa kuonyeshwa kwenye televisheni. Jumapili asubuhi Gentil akampigia mama yake, naye alikuwa ndiyo kwanza ametoka misa.

“Maman, leo uingiye ndani,” akamwambia. “Uketi mbele ya televizyo, uniangaliye. Ata batufunge, uniangaliye tu.”

“Ntaangalia, mutoto yangu.”

Alisema hivyo kwa nia kabisa. Alioga, akavaa kitenge cha sikukuu, akaingia kwa Hadji kabla ya watu wengine na kukaa kwenye kochi. Majirani walipofika walimtazama, wakatazamana, na hakuna aliyemwambia kitu. Siku ya mtoto wake nani angethubutu? Timu zikaingia. Gentil hakuwa kwenye kumi na mmoja wa kwanza. Dakika ya tisa Malawi wakafunga.

Hakuna mtu aliyemfukuza, na hili lazima lisemwe. Aliinuka mwenyewe. Nyota alimshika mkono akamwambia akae, ni mwanawe yule, na yeye akajibu kwamba ndiyo sababu anatoka. Akachukua kile kiti kutoka barazani, akakiweka mahali pake pa siku zote, akageuza mgongo na kuanza kushona namba tano ya mtu ambaye hata hakuwa na haraka nayo. Alijua amemwahidi mtoto. Lakini aliona ni afadhali mtoto adanganywe ashinde, kuliko aambiwe kweli ashindwe.

Étoile wakarudisha moja. Dakika ya sitini na kitu sebule ikapiga mayowe ya jina: Gentil ameingia. Aliacha kukanyaga cherehani. Akasikiliza. Kisha zikaja zile kelele ambazo hazihitaji mtu wa kutoka mlangoni kueleza, viti vikaanguka, Nyota akapiga vigelegele, na Hadji akawa analia waziwazi akiita jina la mtoto wa jirani yake. Mbili kwa moja. Maman Gentil akaweka paji la uso juu ya cherehani na kucheka peke yake. Furaha ilimjaa. Alijiambia kwamba amemsaidia.

Jioni Gentil akapiga tena, sauti imekauka kwa kuimba.

“Maman, uliniona?”

“Nilikuona.”

“Na ile nilikufanyia ku kamera kisha bao, uliiona?”

“Niliiona, mutoto yangu.”

Gentil akacheka kidogo, akasema basi inatosha. Ungemsikia jinsi alivyofurahi. Mama alipokata simu alikwenda moja kwa moja kwa Nyota kuuliza ni kitu gani mtoto alifanya mbele ya kamera. Nyota hakujua. Bao lilipoingia kila mtu alikuwa hewani, wengine wamekumbatiana, Hadji ameangukia meza. Walipokuja kutulia mpira ulikuwa umeshaanzishwa upya. Maman Gentil hakuhangaika. Alipanga kwamba mwanawe akija Noeli atamwambia ukweli, watacheka, na atamwomba airudie pale pale uani.

Wiki ya tatu baada ya mechi ile, Gentil alipanda pikipiki ya abiria kutoka mazoezini, na lori likawagonga. Dereva wa pikipiki alinusurika. Gentil alifia njiani akipelekwa hospitali. Habari ilifika Muhumba saa nne asubuhi, na aliyeipokea ni Hadji, maana simu ya Maman Gentil ilikuwa inachajiwa kwake. Alivuka ule ua wa hatua kumi na tano kwa muda mrefu sana.

Tangu vita viingie mjini mwanzoni mwa mwaka, uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa. Kumleta maiti kutoka Lubumbashi kungehitaji kuzunguka nchi za watu, karatasi juu ya karatasi, na kwa mama kwenda huko ilikuwa vivyo hivyo. Timu ikamzika kule kule, kwa heshima, na ikatuma picha ya kaburi. Kilio kikafanyika uani bila mwili. Ndugu zake wakaja kutoka kijiji cha Miti na maharagwe na ndizi, wanakwaya wakaimba, wanawake wakalala kwenye mikeka siku tatu, na katikati ya sebule, mahali ambapo jeneza lingewekwa, kulikuwa na meza yenye picha na ile jezi ya zamani, nane juu.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza. Hakuuliza kwa nini Mungu amefanya hivi, kama wengine. Aliuliza Gentil alifunga kwa mguu gani. Hadji akasema wa kushoto, ana hakika. Nyota akasema hapana, ilikuwa kichwa. Mwingine akasema mpira ulimgonga golikipa ukamrudia. Walibishana kidogo, kwa upole wa kilio, kisha wakaona aibu wakaacha. Yeye akawasikiliza wote na kuitikia. Aliumia kwa jinsi ambavyo hakuweza kumweleza mtu: watu ishirini walikuwa na kipande cha mwanawe, kila mmoja chake, na yeye hakuwa na chochote.

Chris, fundi wa simu wa mtaa wa Nyawera ambaye amepanga chumba cha nyuma kwenye ua ule, alijaribu kumtafutia. Alipekua mtandao siku nyingi. Alikuta matokeo, alikuta picha ya timu ambayo Gentil ameinama anafunga kiatu, bao hakulikuta. Alimpigia mchezaji mmoja wa Étoile, na yule akamwambia kwamba ndiyo, Gentil alikimbilia kamera ya nyuma ya goli akafanya kitu kwa mikono, lakini wao walikuwa wanamkimbiza kwa nyuma na waliona mgongo tu. Gentil aliwaambia ni salamu ya mama yake, na wao hawakuuliza zaidi.

Kulikuwa na kitu kimoja Chris hakukisema. Siku ile ya mechi alikuwa anawapiga watu video kwa simu yake, na bao liliingia simu ikiwa imewaka. Aliificha ile video karibu miezi miwili. Wiki moja kabla ya Noeli Maman Gentil alimkuta kwenye ngazi akamuuliza usoni kama kweli hana kitu, na Chris, ambaye hajui kudanganya, akaitoa.

Ni sekunde arobaini. Televisheni iko upande wa kushoto, chini ya dirisha. Unaona wachezaji wadogo wanasogea, mtu mmoja anaingia kwenye boksi, halafu sebule yote inasimama na migongo inafunika kioo. Bao halionekani. Kinachoonekana kwa uwazi kabisa, juu ya vichwa vya watu, ni dirisha, na nje ya dirisha mwanamke aliyevaa kitenge cha sikukuu ameinamia cherehani, ameipa televisheni mgongo. Anabaki hivyo mpaka mwisho.

Maman Gentil aliitazama mara tatu. Mara ya nne alimrudishia Chris simu yake na kumwomba asiifute, lakini asimwonyeshe tena. Kisha akaenda kupika.

Kombe la Afrika likaanza mwezi ule ule, kule Morocco. Makundi yakapita, na watu walitazama kwa Hadji kwa sauti ya chini. Kiti kilibaki barazani. Hakuna aliyekitoa, na yeye alijifungia kwake. Lakini tarehe sita Januari, tulipokutana na Algeria kwenye mtoano, jua likiwa linazama, mlango wa Maman Gentil ulifunguliwa. Alikinyanyua kile kiti mwenyewe. Akapita nacho uani, akapanda ngazi ya Hadji, akakiweka katikati ya sebule, mbele ya watu wote, uso kwa televisheni.

Wakampisha. Nyota akamletea chai ambayo hakuinywa.

Alikuwa hajatazama mpira mzima kwa miaka kumi na moja. Aliona kwamba namba za siku hizi zimebandikwa kwa pasi ya moto, hazina uzi. Aliona jinsi kijana akikosa mpira anavyoshika kiuno na kutazama juu, na akajua kwamba Gentil naye alifanya hivyo, kwa sababu alikuwa anafanya hivyo akivunja kikombe. Aliona hayo yote, na ndani yake kulikuwa na vita ambavyo majirani hawakuvijua. Tukishinda leo, huku yeye anatazama, basi ule mkosi haukuwahi kuwepo, na aligeuza mgongo siku ile bure. Tukifungwa, angalau alikuwa na sababu. Angalau kweli alimsaidia. Alishika rozari chini ya kitenge na hakujua aombe nini, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kuomba.

Dakika tisini zikaisha bila bao. Zikaongezwa thelathini. Watu walianza kumwangalia kwa pembe ya jicho, si kwa ubaya. Dakika ya mia moja na kumi na tisa, penalti zikiwa zinakaribia na wengine wameshaanza kuhesabu wapigaji, Mwalgeria mmoja akapiga shuti, na mpira ukaingia.

Sebule ilikufa. Mtu mmoja akatoka nje, mwingine akamfuata. Na Maman Gentil, Mungu amsamehe, alihisi kitu kinalegea kifuani. Ni mimi, alijiambia. Ni mimi kweli. Machozi yakaanza kumtoka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi hayakuwa yanaunguza.

Hadji aliyaona, naye akayaelewa kivingine. Ni mzee mwema. Alikuwa amebeba jambo hili tangu siku ya kilio, kwamba ni kiganja chake kilichomrudisha yule mama mvuani, miaka ile, na alikuwa akitafuta nafasi ya kulitua. Akavuta mkeka, akaketi chini karibu na miguu yake.

“Maman Gentil, usilie,” akamwambia. “Haiko weye. Haikukuwaka weye ata siku moja. Ni siye tulikuwa tunajichezea tu.”

Nyota akaitikia kwamba ndiyo, kweli kabisa. Chris naye akatikisa kichwa. Wote waliobaki wakasema, mmoja baada ya mwingine, kwa upendo, kwamba haikuwa yeye.

Maman Gentil akawatazama kama mtu aliyepokonywa kitu mkononi.

“Usiniambiye vile, Hadji,” akasema polepole. “Kama haiko miye, basi ile siku ningeingia.”

Kwenye televisheni wachezaji wetu walikuwa wamekaa chini kwenye nyasi. Mmoja wao aliinuka, akaisogelea kamera na kufanya ishara fulani ya haraka kwa vidole, kwa mtu wake huko nyumbani. Maman Gentil aliinama mbele kwenye kiti kuiona vizuri, na picha ikabadilika.